Mzunguko wa mlimani juu ya Bukavu: panga safari kwa kufuata maji

Njia ya kwenda na kurudi ina huruma yake: wakati wa kurudi unapita ulikokwisha pita, na kila kijito umeshakipima kwa miguu yako. Mzunguko hauna huruma hiyo. Vijito vya nusu ya pili unavikuta kwa mara ya kwanza ukiwa umechoka, jua limeshapinda, na mara nyingi mvua imeshapiga kule juu. Kwa hiyo anayepanga mzunguko wa mlimani kwa kuhesabu kilomita peke yake amepanga nusu tu. Hesabu ya kwanza ni ya vivuko: viko vingapi, kila kimoja kina maji ya namna gani, na utakifikia saa ngapi.

Maelezo haya ni ya milima mirefu ya magharibi ya Ziwa Kivu, upande wa Kahuzi, ingawa namna ya kuvuka ni ile ile katika mlima wowote wenye mvua nyingi. Kilele cha Kahuzi kina mita 3,308, Biega ina 2,790, na Bukavu yenyewe iko kwenye mita 1,500 hivi. Mtu wa mjini anaweza kudhani ameshazoea baridi na miinuko. Lakini joto hupungua kwa nyuzi 6 au 7 kila unapopanda mita 1,000, kwa hiyo kileleni kuna pungufu ya nyuzi 12 hivi kuliko mjini. Ukiongeza nguo zilizolowa na upepo, mtu huanza kutetemeka hata kabla ya saa sita mchana.

Kabla ya yote

Usalama ndio unaoamua kama kuna safari. Ulizeni juma lile lile, na tena asubuhi ile ile, kwa wanaoishi huko: viongozi wa kijiji, walinzi wa hifadhi, madereva wa njia ya kwenda mji mdogo wa Miti. Habari ya mwezi uliopita haifai kitu. Wakisema njia imefungwa, imefungwa. Msitafute kijia cha kuzungukia. Ndani ya Hifadhi ya Kahuzi-Biega hakuna mtu anayetembea peke yake. Kibali na walinzi wa kuwasindikiza hupatikana kwa wasimamizi wa hifadhi, ambao kituo chao cha wageni ni Tshivanga, kilomita 30 na kidogo kutoka Bukavu. Mwenye mafua au kikohozi abaki nyumbani hata kama ameshalipa, kwa sababu magonjwa yetu ya kifua huwashika sokwe na kuwaua.

Msimu unaofaa ni kiangazi, Juni hadi Agosti. Kuanzia Septemba hadi Mei mvua hunyesha mara kwa mara, na mzunguko wenye vivuko vingi hauna sababu ya kufanywa kipindi hicho. Hata kiangazi mlima hujitengenezea mvua yake: asubuhi anga ni safi, kufika saa tano ukungu umekaa kwenye mabega ya mlima, saa nane maji yanamwagika. Huo ndio mwendo wa kila siku, na ratiba yako ifuate huo.

Hesabu ya saa

Mskoti William Naismith alitoa mwaka 1892 kanuni ambayo wapanda milima wanaitumia hadi leo: saa moja kwa kila kilomita 5, na saa moja zaidi kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ni ya njia kavu. Kwenye matope, mizizi na mianzi, zidisha kwa moja na nusu. Halafu ongeza vivuko, jambo ambalo wengi husahau: kundi la watu sita hutumia dakika 20 kwenye kijito kimoja, tangu kukikagua mpaka wa mwisho afunge kamba za viatu.

Chukua mzunguko wa kilomita 14 wenye kupanda mita 900 na vivuko vinne. Kilomita zinakula saa 2 na dakika 48. Kupanda kunakula saa moja na nusu. Jumla ni saa 4 na dakika 18. Zidisha kwa moja na nusu, unapata saa 6 na dakika 27. Ongeza dakika 80 za vivuko na 45 za kula na kupumzika: saa 8 na nusu. Mkianza saa 1:30 asubuhi, mnamaliza saa 10 jioni. Giza huingia saa 12 na kidogo mwaka mzima, kwa hiyo mmebakiwa na saa mbili za akiba. Chini ya hapo msiende. Na kama usalama wa barabara hauruhusu kutoka Bukavu kabla ya mapambazuko, chagueni mzunguko mfupi; msikimbie barabarani gizani ili muwahi mlima.

Kutoka kwenye hesabu hiyo toeni saa ya kugeuza, muiandike kwenye karatasi kabla ya kuondoka. Kwa mfano huu ni saa 5:30 asubuhi: kama saa hiyo hamjafika nusu ya njia, mnarudi mlikotoka. Saa ya kugeuza huamuliwa nyumbani kwa sababu mlimani, kilele kikiwa kinaonekana, kila mtu huwa wakili wa kuendelea.

Kuzunguka kuume au kushoto?

Hapa ndipo mzunguko hufanikiwa au huharibika, na wengi huzunguka upande wowote wanaoelekezwa na kijia. Tafuta kivuko kibaya kuliko vyote, chenye maji mengi zaidi na kingo ndefu zaidi, kisha chagua upande utakaokufikisha hapo asubuhi. Kama haikunyesha usiku, maji ya asubuhi ndiyo ya chini kuliko ya saa nyingine zote. Jambo la pili ni mteremko: ule mkali wenye udongo mwekundu uupande, usiushuke. Udongo ule ukilowa huteleza kama sabuni, na mtu aliyechoka huanguka akiwa anashuka. Mambo hayo mawili yakipingana, fuata maji. Mteremko unaweza kuushuka kwa makalio. Mto uliofurika hauna namna ya kuombwa.

Lakini kuna mtego. Ukishavuka kivuko kigumu asubuhi, kimefunga mlango nyuma yako. Mvua ikinyesha juu, na kivuko cha tatu mbele nacho kikikataa, mmebanwa kati ya mito miwili. Kwa hiyo kabla ya kuvuka kile kigumu simameni muulizane: mbele kuna kivuko gani kingine kinachoweza kutuzuia, na katikati kuna mahali pa juu pa kungojea saa tatu au nne bila kuganda kwa baridi? Kama jibu la swali la pili ni hapana, na wingu limeshaanza kukaa mlimani, safari ya siku hiyo imeishia kwenye kingo hiyo.

Miguu, na bote za mpira

Tunajua bote zinavyopendwa huku, na kwa matope na vinamasi hakuna kinachozishinda. Mtoni ni hadithi nyingine. Maji yakipita ukingo wa bote, inajaa kama ndoo: lita tatu ni kilo tatu kwenye kila mguu, na mkondo unapata kitu cha kushika. Kwa mzunguko wenye vijito vinavyofika magotini vaa viatu vya kamba vinavyokaza kifundo, soli yenye meno, kitambaa kinachotoa maji haraka. Ngozi nene hubaki na maji kutwa nzima.

Mkifika kivukoni, vua soksi na zile nyayo za ndani zinazotoka, ziweke kwenye sashe (mfuko wa plastiki), kisha rudisha viatu kwenye miguu mitupu na ufunge vizuri. Ng'ambo, mwaga maji, kamua, rudisha nyayo na soksi kavu. Inachukua dakika tatu na inaokoa visigino. Usivuke pekupeku hata kama maji yanaonekana mepesi: mawe ya chini yana utelezi wa kijani usiouona, na mguu mtupu huenda wenyewe kwenye upenyo kati ya jiwe na jiwe. Kandambili haziwezi hata kijito cha kwanza.

Ndani ya begi tandika mfuko mkubwa wa plastiki usio na tundu, weka kila kitu humo, sokota mdomo wake na uufunge. Mfuko huo hulinda nguo, na begi likiangukia majini huelea. Kila mtu abebe sweta lililofungwa peke yake lisiloguswa mpaka jioni, koti la mvua, tochi ya kichwani, filimbi, na fimbo ndefu inayofika begani. Mwanzi uliokomaa unafaa sana. Mwanzi mchanga hupinda unapouegemea. Usiukate ndani ya hifadhi, njoo nao kutoka nyumbani.

Maji ya kunywa ni lita 3 kwa mtu. Kijito cha mlimani kinameremeta, lakini juu yake kuna wanyama na pengine watu. Ukichota, chemsha: juu ya mita 2,000 yaache yatokote dakika 3 kamili, kwa sababu huko maji huchemka kabla hayajapata moto wa kutosha. Vidonge vya klorini navyo vinafaa, nusu saa kabla ya kunywa, na muda huwa mrefu zaidi maji yakiwa baridi sana. Chakula kiwe cha kuliwa kwa mkono mmoja bila kukaa: viazi vitamu vya kuchemsha, karanga, ndizi, mayai, sambaza (samaki wadogo wa Ziwa Kivu) waliokaushwa kwa chumvi. Chumvi hiyo ina kazi, ndiyo inayorudisha kile jasho lilichotoa.

Kivukoni

Msiingie majini kwa sababu kijia kimeingia. Kijia kilikatwa siku maji yalipokuwa machache. Tembeeni kwenye kingo mita hamsini kila upande, mkitafuta mahali mto ulipopanuka au ulipogawanyika matawi. Mahali pembamba huvutia macho, lakini maji yale yale yakibanwa lazima yawe na kina au mbio, au vyote viwili. Kona ya nje ya mto iacheni, huko ndiko kina kilikochimbwa. Halafu tazameni yanakoelekea: mtu akianguka hapa, atapelekwa wapi? Kama chini kuna maporomoko, korongo, au mti ulioangukia mtoni matawi yakiwa majini, hapo si kivuko hata kama maji yanafika kwenye vifundo. Maji hupita kati ya matawi, mtu hapiti. Mkondo humbana hapo na kumshikilia.

Kupima mbio, tupa kijiti katikati ya mkondo utembee nacho sambamba kwenye kingo. Kikikuacha wakati unatembea mwendo wa kawaida, na maji yanapita magoti, usivuke. Si woga, ni hesabu: mbio za maji zikiongezeka mara mbili, nguvu yake ya kukusukuma huongezeka mara nne. Maji yaliyotulia unaweza kuyaruhusu yafike mapajani, si zaidi.

Umeamua kuvuka. Fungua mkanda wa begi wa kiunoni na wa kifuani, ubaki na ya mabegani peke yake, ili ukianguka litoke bila kukuvuta chini. Geuza uso kule maji yanakotoka. Simika fimbo mbele yako, upande huo huo wa juu, uiegemee; sasa una miguu mitatu. Sogeza kimoja tu kwa wakati: fimbo, kisha mguu wa mbele, kisha wa nyuma ukiufuata bila kuuvusha juu ya mwenzake. Ukikunja miguu msalaba, mkondo hukugeuza. Usiunyanyue mguu, uburute chini ukipapasa, na usiuhamishie uzito kabla haujatulia. Elekea ng'ambo kwa mshazari, ukiteremka kidogo pamoja na maji badala ya kupigana nayo. Macho yaweke kwenye kingo ya ng'ambo. Anayetazama maji yanavyopita huona dunia inazunguka.

Mawe yaliyopangika kama ngazi yanavunja mikono na viuno vya watu wengi kuliko maji yenyewe. Jiwe lililolowa likiwa na ukijani, shuka ukanyage chini majini. Gogo nalo, kama liko juu na limelowa, likalie na ujisukume.

Kundi likivuka maji yenye nguvu, shikaneni watatu au wanne kwenye mwanzi mmoja mrefu ulioshikwa kwa ulalo usawa wa kifua. Mstari wenu uwe sambamba na mkondo, mtu wa kwanza akiwa upande maji yanakotoka, wengine nyuma yake kule yanakoelekea, na wote mvuke kwa pamoja. Mwenye nguvu na uzito zaidi akae huko juu. Yeye huvunja mkondo na wengine hupita kwenye kivuli chake. Mdogo au mwenye hofu akae katikati. Mmoja tu ndiye atoe amri ya hatua.

Kamba ya kujifunga kiunoni tunaikataa kabisa. Aliyefungwa akianguka, kamba hukaza, mkondo humzamisha na kumshikilia chini, na wanaomvuta kwa nia njema ndio wanaommaliza. Wasiofunzwa uokoaji wa mtoni waache kamba nyumbani.

Ukichukuliwa, lala chali, miguu mbele kuelekea maji yanakokwenda, vidole vya miguu juu ya maji, makalio juu. Usijaribu kusimama katikati ya mkondo wenye mbio, maana mguu ukinasa kati ya mawe maji hukulaza kifudifudi. Piga mikono kwa mshazari kuelekea kingo, na simama pale tu mikono yako inapogusa chini. Ukiuona mti umelala mbele yako na huwezi kuukwepa, geuka kifudifudi, uogelee kwa nguvu zote kuuelekea, ujirushe juu yake.

Mvua isiyokunyeshea

Kijito cha mlimani hakingoji mvua ikufikie. Wingu linaweza kupasuka bonde la juu huku wewe umekaa juani unakula ndizi. Tarehe 4 Mei 2023, katika Kalehe, upande huu huu wa magharibi ya Ziwa Kivu, mito iliyoshuka na mvua kubwa ilibeba nyumba na mawe katika vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, na zaidi ya watu 400 walikufa. Waliokuwa kwenye kingo hawakupata muda wa kuuliza. Kwa hiyo kila mnapopumzika karibu na mto, pumzikeni juu yake, si kwenye kokoto zake.

Chomeka kijiti pale hasa maji yanapogusa kingo, ukitazame baada ya dakika kumi. Maji safi yakibadilika kuwa ya chai ya maziwa, majani na vijiti vikianza kupita kwa wingi, ukasikia mawe yanagongana chini kama mtu anasukuma pipa, mto unapanda: tokeni mara moja, upande mlio karibu nao. Ishara mbaya kuliko zote hudanganya, nayo ni maji kupungua ghafla wakati mvua inanyesha. Huenda udongo umeporomoka juu na kuziba, na ukuta huo ukiachia, kila kitu kinashuka kwa pamoja. Hapo pandeni mbali na bonde bila kuvuka.

Mto ukiwakatalia, subirini. Vijito vya bonde fupi hupanda haraka na hushuka haraka pia; mara nyingi saa mbili au tatu baada ya mvua kukatika kijiti chenu huonyesha maji yanarudi. Vaeni nguo kavu kabla ya kuanza kutetemeka, kaeni mmesongamana, kuleni. Anayetetemeka kisha akaacha kutetemeka huku akiongea ovyo amezidiwa na baridi: mvueni nguo za maji, mvisheni kavu mpaka kichwani, mpeni cha moto chenye sukari kama bado anameza vizuri, na asiachwe alale peke yake. Giza likiingia mto haujashuka, mnalala hapo. Kuvuka usiku hakuna.

Kwa ajili ya usiku kama huo lazima abaki mtu Bukavu mwenye karatasi yenu: majina ya wote, upande mnaozunguka, vivuko kwa mpangilio, saa ya kumaliza, na saa ambayo asiposikia sauti yenu ataanza kupiga simu, pamoja na namba za kupiga. Msitegemee simu mlimani. Bondeni mtandao hukatika na baridi humaliza betri. Saa hiyo ya kupiga simu iwe saa mbili au tatu baada ya ile ya kumaliza, asije akaamsha watu kwa sababu mlikaa nusu saa mkisubiri kijito.

Mkitoka salama, mpigieni kwanza yeye kabla ya kutafuta chakula. Viatu vijazeni magazeti na mvianike kivulini, maana moto hubandua soli. Halafu, kabla usingizi haujawachukua, andikeni kando ya mpango saa halisi mliyofikia kila kivuko, kina chake kwa kipimo cha mwili, yaani kifundo, ugoko, goti, na siku ngapi zilikuwa zimepita tangu mvua ya mwisho. Watakaofuata wataanzia kwenye karatasi hiyo.